Njia Mbili za Koo: Historia ya Kuunda Upya Umio na Trakea

Ndani ya shingo na kifua cha binadamu zimelala njia mbili zilizogusana: mbele ni trakea, yaani njia ya hewa inayoanzia chini ya zoloto na kugawanyika kuelekea mapafu mawili, na nyuma yake ni umio, njia ya misuli inayosukuma chakula kutoka kooni hadi tumboni. Zote mbili hutokana na mrija mmoja wa kiinitete ambao huanza kujigawa katika wiki ya nne hivi ya ujauzito, na hata baada ya kutengana huendelea kushirikiana damu, kwa kuwa ateri ndogo zinazopita ubavuni mwa trakea hutuma matawi mbele kwa trakea na nyuma kwa umio. Trakea ya mtu mzima ina urefu wa sentimita 11 hivi, nayo huachwa wazi muda wote na pete 18 hadi 22 za gegedu zenye umbo la herufi C, uwazi wa herufi hiyo ukielekea nyuma, mahali ambapo ukuta ni laini na umeegemea umio. Umio una sentimita 25 hivi, hauna gegedu, hujifunga usipopitisha kitu, na, tofauti na utumbo, haukuvikwa ule utando mwembamba wa nje ambao huufanya mshono wa utumbo ushikamane na kuziba upesi.

Habari hizi za maumbile zinatangulia kwa sababu ndizo zilizotawala historia yote ya upasuaji wa viungo hivi. Kwa kuvitazama tu, mtu angeviona kuwa ni mabomba mawili, na bomba likiharibika hukatwa kipande kibovu na kuwekwa kingine. Dhana hiyo ilirudi kizazi baada ya kizazi, kila mara ikiwa imevaa vazi jipya la kisayansi, na kila mara ikavunjwa na jambo lile lile, kwamba ukuta wa bomba hili ni tishu hai inayohitaji damu, na tishu isiyofikiwa na damu hufa, huoza na kufumuka hata ikishonwa na mkono hodari kiasi gani. Umio ulipata ufumbuzi mapema zaidi kwa kuwa majirani zake wa chini, tumbo na utumbo, waliweza kuvutwa juu pamoja na mishipa yao. Trakea haikuwa na jirani wa kumwazima.

Kuitoboa trakea, kwa hakika, ni kazi ya kale. Waganga wa Kigiriki na Kirumi waliijua, Antonio Musa Brasavola wa Ferrara aliifanya mwaka 1546 kwa mgonjwa aliyekuwa akikabwa na jipu la koo, na Pierre Bretonneau wa Tours, Ufaransa, aliokoa mtoto mwenye dondakoo kwa njia hiyo mwaka 1825. Lakini kutoboa ni kufungua dirisha tu, na hakuna kati yao aliyefikiria kuondoa kipande cha kiungo na kukirudishia. Fikra hiyo ilianza kwa umio, katika nchi zilizozungumza Kijerumani, mara tu nusukaputi na usafi wa kuua vijidudu vilipowapa wapasuaji muda wa kutosha mezani.

Theodor Billroth wa Vienna alionyesha mwaka 1871, kwa kutumia mbwa, kwamba sehemu ya umio iliyo shingoni inaweza kuondolewa na mnyama akaishi. Miaka 6 baadaye, mwanafunzi wake Vincenz Czerny aliifanya kazi hiyo kwa binadamu mwenye saratani ya umio wa shingoni, na mgonjwa akaishi zaidi ya mwaka mmoja akilishwa kupitia tundu. Johann von Mikulicz aliongeza hatua ya kuunda, pale mwaka 1886 alipotumia ngozi ya shingo, iliyokunjwa ikawa mfereji, kuziba pengo lililoachwa na saratani. Ngozi ilifaa kwa sababu shingoni iko karibu na ina damu yake. Chini ya hapo, ndani ya kifua, hakuna aliyethubutu, kwani kifua kikifunguliwa hewa huingia kwa nguvu, pafu husinyaa, na mgonjwa hukosa pumzi kabla daktari hajafika kwenye umio.

Tatizo hilo lilitatuliwa kwa njia mbili, moja ya ajabu na nyingine nyepesi. Ya ajabu ilikuwa ya Ferdinand Sauerbruch, msaidizi wa Mikulicz mjini Breslau, ambaye mwaka 1904 alijenga chumba kilichopunguzwa mgandamizo wa hewa, ambamo mwili wa mgonjwa na wapasuaji walikuwa ndani huku kichwa cha mgonjwa kikiwa nje, ili mapafu yasisinyae kifua kikiwa wazi. Nyepesi ilikuwa ya Samuel Meltzer na John Auer wa New York, ambao mwaka 1909 walieleza jinsi ya kupuliza hewa yenye dawa ya usingizi moja kwa moja ndani ya trakea kupitia mrija mwembamba. Chumba cha Sauerbruch kilipata sifa kubwa Ulaya, nacho kimebaki katika picha za vitabu, lakini mrija ndio uliorithiwa na vyumba vyote vya upasuaji duniani.

Kwa msaada wa mrija huo, tarehe 14 Machi 1913, Franz Torek wa Hospitali ya Wajerumani mjini New York aliondoa sehemu ya umio yenye saratani ndani ya kifua cha mwanamke wa miaka 67. Hakujaribu kuziunganisha ncha mbili zilizobaki, na busara yake imo hasa katika jambo hilo ambalo alijizuia kulifanya. Ncha ya juu aliitoa nje kwenye ngozi, tumbo akalitoboa tundu, na mgonjwa alipotaka kula aliunganisha matundu hayo mawili kwa mrija wa mpira, chakula kikatoka mwilini karibu na shingo, kikashuka nje ya kifua ndani ya mpira, kisha kikaingia tena mwilini kwenye tumbo. Mwanamke huyo aliishi miaka 13 baada ya upasuaji. Matokeo hayo hayakurudiwa kwa urahisi, na kwa takriban miongo miwili iliyofuata wengi waliojaribu kuiga walipoteza wagonjwa wao.

Wakati huo huo kundi jingine la wapasuaji lilikuwa likishughulika na ugonjwa tofauti. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, kostiki soda, ile dawa kali ya kutengenezea sabuni na kuzibua mifereji, ilikuwa imeenea majumbani, na watoto waliinywa kwa kudhani ni maji au maziwa, na watu wazima waliokata tamaa waliinywa kwa makusudi. Aliyenusurika kifo alibaki na umio uliojaa makovu, ambao ulisinyaa hadi hata mate yasipite. Huko Marekani, Chevalier Jackson, bingwa wa Philadelphia aliyekuwa na ustadi mkubwa wa kuchungulia umio na njia za hewa kwa mirija yenye taa, alichoshwa na kuwapanua watoto hao makoo wiki baada ya wiki, akaanza kampeni iliyozaa sheria ya mwaka 1927 ya kulazimisha vyombo vya kemikali hizo viandikwe kuwa ni sumu. Pengine hakuna upasuaji wowote wa umio uliookoa watoto wengi kuliko kibandiko hicho.

Waliokwisha kuungua, hata hivyo, walihitaji njia mpya ya chakula, na kwa kuwa umio wao haukuwa na saratani, haikuwa lazima kufungua kifua. Heinrich Bircher wa Uswisi alikunja ngozi ya mbele ya kifua mwaka 1894 ili iwe mrija, lakini ngozi pekee haikutosha. César Roux wa Lausanne, Uswisi pia, alitoa taarifa mwaka 1907 kuhusu mbinu iliyobadilisha mwelekeo. Alikata kitanzi cha utumbo mwembamba bila kukitenganisha na utando unaobeba mishipa yake, akakipitisha chini ya ngozi, mbele ya mfupa wa kifua, kuelekea shingoni, na mwisho wa chini akaunganisha na tumbo. Nchini Urusi, Pyotr Herzen aliirekebisha mbinu hiyo na kuikamilisha hadi mgonjwa akaweza kumeza tena, ndiyo maana vitabu huitaja kwa majina ya wote wawili. Ugumu wake ulikuwa katika urefu: mishipa ya utumbo mwembamba imepangwa kama matao madogo yanayounganishwa, na ili kitanzi kifike shingoni ni lazima baadhi ya mishipa ikatwe, kwa hiyo kila sentimita iliyoongezwa juu ilipunguza damu kwenye ncha, na ncha iliyogeuka nyeusi ililazimika kutupwa.

Aliyeigeuza mbinu hiyo kuwa kazi ya kawaida alikuwa Sergei Yudin wa Taasisi ya Sklifosovsky mjini Moscow, mtu mwenye sifa nyingine pia ya kuanzisha matumizi ya damu iliyotolewa kwa maiti kuwaongezea wagonjwa. Mwaka 1944, vita ikiwa bado inaendelea, jarida la Marekani lilichapisha maelezo yake ya wagonjwa 80 waliotengenezewa umio bandia, idadi ambayo hakuna mpasuaji wa Magharibi aliyeikaribia. Kujulikana kwake nje ya nchi hakukumkinga. Alikamatwa Desemba 1948, akafungwa, kisha akapelekwa uhamishoni Siberia, na aliporuhusiwa kurudi Moscow mwaka 1953 alikuwa amebakiwa na mwaka mmoja tu wa kuishi.

Utumbo mpana nao ulijaribiwa. Georg Kelling na Henri Vulliet, kila mmoja kwa upande wake, waliutumia mwaka 1911, na baadaye ukawa chaguo la wapasuaji wengi wa watoto kwa sababu ni mrefu na mishipa yake ni mikubwa. Lakini jirani aliyeshinda wote ni tumbo lenyewe. Mwaka 1920 Martin Kirschner wa Königsberg alionyesha kwamba tumbo zima linaweza kuachiliwa kutoka mahali pake, likatenganishwa na ateri nyingi zinazolilisha, likabaki limening'inia hasa kwenye ateri moja inayofuata ukingo wake mkubwa upande wa kulia, na bado likaishi. Tumbo lililoachiliwa hivyo hufika shingoni bila kuhitaji kuunganishwa mara mbili kama utumbo, yaani mshono ni mmoja tu, nao ukivuja hatari ni moja tu. Kirschner alilipitisha chini ya ngozi, nje ya mbavu, kama walivyofanya watangulizi wake kwa utumbo.

Kilichobaki ni kuliingiza tumbo ndani ya kifua na kulishona na umio papo hapo, mara tu saratani inapoondolewa. Ōsawa wa Kyoto, Japani, alifanikiwa na kutoa taarifa mwaka 1933, lakini habari zake hazikusomwa sana Magharibi, na ndiyo sababu vitabu vingi vya Kiingereza kwa muda mrefu vilianza hadithi na William Adams na Dallas Phemister wa Chicago, waliotoa taarifa ya mafanikio kama hayo mwaka 1938. Mwaka 1946 Ivor Lewis, Mwelsh aliyefanya kazi London, alieleza utaratibu ambao hadi leo unaitwa kwa jina lake: kwanza fumbatio la mgonjwa hufunguliwa na tumbo kuachiliwa kutoka chini, kisha kifua hufunguliwa upande wa kulia, ambako umio hauzuiwi na ateri kuu ya mwili, sehemu yenye ugonjwa huondolewa, na tumbo huvutwa juu na kushonwa. Siku hizi tumbo hukatwa likawa mrija mwembamba, na kazi nyingi hufanywa kwa kamera na matundu madogo, lakini udhaifu wake ni ule ule aliokutana nao Roux. Sehemu ya juu kabisa ya mrija huo, ambako ndiko mshono ulipo, ndiyo iliyo mbali zaidi na ateri yake, na mshono unaovuja kifuani bado ni ajali inayoogopwa kuliko nyingine zote katika upasuaji huu.

Njia ya kukwepa udhaifu huo ni kukikata kipande cha utumbo kabisa kutoka kwenye mishipa yake na kukiunganisha na mishipa mingine shingoni. Alexis Carrel, Mfaransa aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1912 kwa ufundi wa kushona mishipa ya damu, alikuwa amelijaribu jambo hilo kwa wanyama mapema katika karne ya 20. Bernard Seidenberg na wenzake wa New York walilifanya kwa binadamu na kulitolea taarifa mwaka 1959. Mgonjwa wao alifariki kwa kiharusi siku chache baadaye, lakini kipande cha utumbo kilikuwa hai, na kwa kuwa wakati huo hadubini za upasuaji zilikuwa bado hazijaenea, mafanikio hayo ya mishono midogo namna ile yanastahili heshima zaidi kuliko yanavyopewa.

Historia hii ina sura yake ya Afrika Mashariki. Kutoka Ethiopia, kupitia Uganda, Kenya, Tanzania na Malawi, hadi kusini mashariki ya Afrika Kusini, umepita ukanda ambamo saratani ya umio ni ya kawaida kuliko sehemu nyingi za dunia, na huwapata pia watu wenye umri mdogo. Watafiti wamechunguza mambo kadhaa kuwa chanzo, zikiwemo pombe za kienyeji, tumbaku, moshi wa jikoni na vinywaji vya moto. Joto la chai limepimwa Kilimanjaro kwenye vikombe vya wanywaji wenyewe, na mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliweka unywaji wa vitu vyenye joto la zaidi ya nyuzi 65 katika kundi la mambo yanayoelekea kusababisha saratani hiyo. Wagonjwa wengi hufika hospitali wakiwa hawawezi kumeza hata uji, ugonjwa ukiwa umekwisha kupita hatua ya kukatwa, na kwao kuunda umio upya si suala tena. Hospitali ya Tenwek, katika Kaunti ya Bomet nchini Kenya, ilipata sifa ya kimataifa kwa kuwawekea wagonjwa wa namna hii stenti, yaani kijibomba cha nyavu za metali kinachojitanua chenyewe na kuacha njia ya chakula. Stenti haiponyi saratani, lakini humrudishia mtu uwezo wa kula na watu wa nyumbani kwake kwa muda uliobaki, na wanaodhani kwamba huo ni ushindi mdogo hawajawahi kumuuguza mtu anayetema mate yake kwenye kopo mchana na usiku.

Watoto wachanga waliwafundisha wapasuaji somo jingine. Pale mgawanyiko wa ule mrija wa kiinitete unapokosea, mtoto huzaliwa umio wake ukiwa umekatika, sehemu ya juu ikiishia kama mfuko uliofungwa, na mara nyingi sehemu ya chini ikiwa imeungana na trakea kwa fistula, yaani njia isiyostahili kuwepo. Mate hujaa na kumwagikia mapafuni, asidi ya tumbo hupanda kupitia fistula, na mtoto akinyonyeshwa hupaliwa. Hali hii, inayompata takriban mtoto mmoja katika kila 2,500 hadi 4,500 wanaozaliwa, ilielezwa vizuri na daktari Mwingereza Thomas Gibson mwishoni mwa karne ya 17, na tangu hapo kwa zaidi ya miaka 200 ilikuwa hukumu ya kifo. Thomas Lanman wa Boston alitoa mwaka 1940 taarifa ya watoto zaidi ya 30 waliopasuliwa, ambao wote walikufa, na bado akaandika kwamba mafanikio yako karibu. Ni nadra katika fani yoyote mtu kuchapisha kushindwa kwake kwa ukamilifu namna hiyo, na waliomfuata walinufaika kwa kujua hasa nini kiliwaua watoto wale.

Mwishoni mwa Novemba 1939, kwa siku mbili zilizofuatana na bila kushauriana, Logan Leven wa Minnesota na William Ladd wa Boston walianza kuwatibu watoto wawili kwa hatua. Walimlisha mtoto kupitia tundu la tumbo, wakaifunga fistula, wakatoa mfuko wa juu nje shingoni ili mate yatoke, na miaka kadhaa baadaye wakajenga njia ya chakula mbele ya kifua. Watoto wote wawili waliishi. Cameron Haight wa Ann Arbor, Michigan, alitaka zaidi ya hapo. Tarehe 15 Machi 1941 aliifunga fistula ya mtoto wa kike mwenye umri wa siku 12 na, katika upasuaji huo huo, akaziunganisha ncha mbili za umio wake mwenyewe. Mshono ulivuja, ukapona, kisha kovu likasinyaa na kulazimika kupanuliwa, lakini mtoto alikua akila kwa njia aliyozaliwa nayo. Tangu siku hiyo umio wa asili umehesabiwa kuwa bora kuliko wowote wa kuazima, hata pale pengo linapokuwa refu; John Foker wa Minneapolis alieleza mwaka 1997 jinsi ya kufunga nyuzi kwenye ncha mbili na kuzivuta kidogo kidogo kila siku hadi zinakua na kukutana.

Trakea ilichelewa, na ugonjwa uliowalazimisha wapasuaji kuishughulikia ulitokana na tiba. Mwaka 1952 mji wa Copenhagen ulikumbwa na mlipuko mkubwa wa polio iliyopooza misuli ya kupumua, na Bjørn Ibsen alipendekeza wagonjwa watobolewe trakea na kusukumiwa hewa kwa mkono, kazi iliyofanywa kwa zamu na mamia ya wanafunzi wa udaktari. Mashine zilichukua nafasi ya mikono, na vyumba vya wagonjwa mahututi vikaenea duniani. Mrija unaoingizwa kwenye trakea una puto dogo linalojazwa hewa ili lizibe nafasi pembeni, na maputo ya wakati ule yalikuwa magumu. Yalipokandamiza utando wa trakea kwa nguvu kuliko msukumo wa damu ndani ya kapilari zake, tishu ilikufa, gegedu likaoza, na mgonjwa aliyeokolewa na mashine alirudi baada ya wiki kadhaa akipumua kwa mlio kupitia tundu jembamba lililozingirwa na kovu. Joel Cooper na Hermes Grillo wa Hospitali Kuu ya Massachusetts walibainisha chanzo hicho katika miaka ya 1960 na kupendekeza puto kubwa na laini, ambalo hutumika hadi leo.

Kukata kovu hilo na kuunganisha ncha kulizuiwa na imani moja. Gegedu halivutiki, na mwaka 1950 Ronald Belsey wa Bristol, Uingereza, mpasuaji aliyeheshimiwa sana, alikuwa ameandika kwamba haifai kuondoa zaidi ya sentimita 2 za trakea. Wengi waliichukua kauli hiyo kuwa sheria ya maumbile. Grillo na wenzake waliipima kwa maiti, na kuanzia taarifa yao ya mwaka 1964 walionyesha kwamba mpasuaji akiilegeza trakea kutoka kwenye vishikizo vyake na mgonjwa akiinamisha shingo, karibu nusu ya urefu wake inaweza kuondolewa na ncha zikakutana bila kuvutana kupita kiasi. Sharti lilikuwa la damu: kwa kuwa ateri huingia trakea kutoka pembeni, kipande kwa kipande, kisu kiliruhusiwa kulegeza mbele na nyuma lakini pembeni kisiguse zaidi ya sehemu inayoondolewa. Baada ya upasuaji kidevu cha mgonjwa kilishonwa kwenye ngozi ya kifua kwa uzi mnene kwa wiki moja hivi, ili asije akanyoosha shingo usingizini na kuuchana mshono. Ni mbinu isiyopendeza macho, lakini mwaka 1995 kundi hilo lilipotoa taarifa ya wagonjwa 503 walioharibiwa trakea na mirija ya kupumulia, zaidi ya 9 katika kila 10 walikuwa na matokeo mazuri au ya kuridhisha.

Aliyebaki, yaani mgonjwa ambaye ugonjwa wake umekula zaidi ya ile nusu inayoweza kukatwa, ndiye aliyevutia wavumbuzi. Tangu miaka ya 1940 wamejaribu plastiki, nyavu za chuma cha pua, silikoni na gegedu la maiti, na kushindwa kulikuwa kwa namna zile zile. Njia ya hewa haiko safi kama mshipa wa damu, kwa sababu kila pumzi huleta vijidudu. Kitu kisicho na damu hakiwezi kuvaa utando wa kujisafisha. Nyama mbichi huota kwenye viungio na kuziba njia. Na bomba gumu husugua ateri kubwa iliyo mbele yake hadi likaitoboa. Grillo alipopitia jaribio moja moja katika makala ya mwaka 2002 hakuona hata moja la kutegemewa.

Mwaka 2008 ilitangazwa kwamba lango limefunguka. Huko Barcelona, Paolo Macchiarini, mpasuaji Mwitaliano, alimwekea mwanamke ambaye njia yake ya hewa ya kushoto iliharibiwa na kifua kikuu kipande cha trakea ya maiti kilichooshwa seli zote na kupandikizwa seli za mgonjwa mwenyewe. Jarida la Lancet lilichapisha habari hiyo, na magazeti ya dunia yakaandika kuhusu kiungo cha kwanza kilichooteshwa kwa seli shina. Taasisi ya Karolinska ya Stockholm ikamwajiri, na Juni 2011 alimwekea mwanafunzi wa Kieritrea, aliyekuwa akisoma Iceland na mwenye uvimbe wa trakea, bomba la plastiki lililotengenezwa London na kulowekwa kwenye seli za uboho wake. Makala ya Lancet ya mwishoni mwa mwaka huo ilidai kwamba bomba limeanza kujivika utando. Mwanafunzi huyo alifariki Januari 2014, na wengine wawili waliowekewa mabomba ya namna hiyo Stockholm walifariki pia.

Pierre Delaere wa Leuven, Ubelgiji, alikuwa amekwisha kuandika kwamba jambo hilo haliwezekani, kwa sababu seli zilizonyunyiziwa juu ya kitu kisicho na mishipa ya damu hazina wa kuzilisha. Hakusikilizwa. Madaktari 4 wa Karolinska waliokuwa wakiwahudumia wagonjwa walilalamika mwaka 2014, mchunguzi wa nje akathibitisha mwaka 2015 kwamba kulikuwa na udanganyifu wa kisayansi, na bado uongozi wa taasisi ukamsafisha mwajiriwa wake. Ilihitajika filamu ya televisheni ya Sweden, Januari 2016, ili mkuu wa taasisi ajiuzulu na Macchiarini afukuzwe. Lancet ilifuta makala ya 2011 mwaka 2018, na ile ya 2008 mwaka 2023. Juni 2023 mahakama ya rufaa ya Stockholm ilimhukumu Macchiarini kifungo cha miaka 2 na nusu kwa kuwadhuru vibaya wagonjwa wale watatu. Kinachostaajabisha ni kwamba hoja ya Delaere ilihitaji tu maarifa aliyokuwa nayo Roux mwaka 1907.

Delaere mwenyewe alikuwa amefuata njia ya polepole. Katika kazi aliyoichapisha mwaka 2010, aliizungushia trakea ya marehemu tishu ya mkono wa mgonjwa, ikakaa hapo kwa miezi kadhaa huku mishipa ya mkono ikiota ndani yake na utando wa kinywa cha mgonjwa ukichukua nafasi ya utando wa mtoaji, ndipo akaihamishia shingoni pamoja na ateri yake mpya. Mjini Paris, Emmanuel Martinod ametumia vipande vya ateri kuu ya marehemu vilivyohifadhiwa kwenye baridi kali na kushikiliwa wazi kwa stenti, na baadhi ya wagonjwa wake wanapumua bila mrija. Januari 2021, katika Hospitali ya Mount Sinai mjini New York, timu ya Eric Genden ilifanya kwa takriban saa 18 kile ambacho wengi walidhani hakiwezekani kwa sababu ateri za trakea ni ndogo mno kushonwa: waliitoa trakea ya marehemu ikiwa pamoja na tezi ya thairoidi na misuli ya umio iliyoshikamana nayo, wakashona mishipa mikubwa inayolisha mafungu hayo, na damu ikaifikia trakea kupitia kwa majirani zake. Aliyepokea alikuwa mwanamke ambaye trakea yake iliharibika baada ya kuwekewa mrija mara kwa mara kwa ajili ya pumu kali. Mpokeaji wa kiungo cha namna hiyo hulazimika kutumia dawa za kupunguza nguvu ya kinga ya mwili ili usikikatae, na kwa kuwa kinga iliyopunguzwa huipa saratani nafasi ya kurudi, wagonjwa wa saratani ya trakea wasioweza kusaidiwa na mbinu ya Grillo hawajafaidika sana na upandikizaji huo.